Juni Unawapanga, Novemba Unachagua Mmoja: Kura ya Gavana wa Maine

Hapa Maine, karatasi ya kura ya Novemba inaweza kukutaka ufuate kanuni mbili kwa wakati mmoja. Kwenye kiti cha Seneti ya Marekani au cha Bunge la Wawakilishi la Washington, wagombea wakiwa watatu au zaidi, unawapanga: huyu wa kwanza, yule wa pili, yule wa tatu. Ukifika kwenye kiti cha gavana unajaza kiduara kimoja tu, na ukijaza viwili kura yako ya ugavana haihesabiwi. Kinachozidi kuwachanganya watu ni kwamba miezi mitano kabla, kwenye mchujo wa vyama wa mwezi Juni, pale kila chama kinapochagua mgombea wake, kiti hichohicho cha gavana walikipigia kura kwa kupanga.

Mama mmoja wa Uvira, aliyekuwa amepata uraia karibuni, aliniuliza tukiwa na karatasi ya mfano mezani: "Mwanangu, sasa hapa napanga ao nachagua mumoja tu?" Nilimjibu kwa sentensi moja, akaniuliza kwa nini, na hapo ndipo sentensi moja ilipokosa kutosha. Kanuni hizi zimerithiwa kutoka kwenye ugomvi wa karne ya 19, hasira za uchaguzi wa 2010 na maoni ya majaji ya mwaka 2017. Ukijua zilikotoka, hazikuponyoki tena.

Naandika hasa kwa ajili ya wale tunaoongea Kiswahili Portland, Lewiston na miji ya jirani, tuliotoka Kongo, Burundi, Rwanda, Kenya, Tanzania, na sasa tuna haki ya kupiga kura. Mwaka 2026 Gavana Janet Mills anamaliza muhula wake wa pili, na Katiba ya Maine haimruhusu mtu mihula mitatu mfululizo. Kiti kiko wazi: mchujo ni Juni 9, uchaguzi mkuu ni Novemba 3.

Gavana wa hapa ana nguvu gani

Wengi wetu tumekuja na picha tofauti ya cheo hiki. Kongo, gavana wa mkoa huchaguliwa na wabunge wa mkoa. Mwananchi hamgusi moja kwa moja. Rwanda na Burundi, gavana huteuliwa kutoka juu. Tanzania kuna mkuu wa mkoa, naye ni mteule wa Rais. Kenya ndiyo iliyo karibu zaidi na hapa, kwa sababu tangu 2013 wananchi wa kaunti 47 wamekuwa wakimchagua gavana wao wenyewe, na mwenye kura nyingi kuliko wenzake hushinda hata kama hakufika nusu. (Rais wa Kenya ndiye anayetakiwa kuvuka nusu, na kupata angalau robo ya kura katika zaidi ya nusu ya kaunti.)

Gavana wa Maine ndiye mtu pekee katika serikali ya jimbo anayechaguliwa na jimbo zima. Hakuna naibu gavana. Kiti kikibaki wazi, Rais wa Seneti ya jimbo ndiye anayekikalia. Mwanasheria mkuu, katibu wa jimbo na mweka hazina huchaguliwa na Bunge la jimbo, tofauti na majimbo mengi ambako nao hupigiwa kura na wananchi. Kwa hiyo kila kitu unachotaka kumwambia mkuu wa serikali ya jimbo kwa kura yako unakisema mahali pamoja. Gavana ndiye anayepeleka bajeti bungeni, anayependekeza majaji na anayechagua wakuu wa idara. Pia ana kura ya turufu: akikataa muswada, Bunge linahitaji theluthi mbili katika kila nyumba yake, yaani Seneti na Wawakilishi, kumshinda.

Hayo yanasikika kama somo la uraia, lakini yamewahi kuingia jikoni kwa watu wetu. Mwaka 2014 utawala wa Gavana Paul LePage uliiambia miji kwamba jimbo halitairudishia pesa za msaada wa kodi ya nyumba na chakula, ule ambao kila mtu hapa anauita GA, ikiwa miji itawapa wahamiaji ambao hawajapata hadhi rasmi, wakiwemo waombaji hifadhi. Familia ya mwombaji hifadhi hairuhusiwi kufanya kazi kwa miezi mingi ya mwanzo, kwa hiyo bila GA hakuna kodi wala chakula. Mwaka uliofuata Bunge likapitisha muswada wa kuwaruhusu waombaji hifadhi wapate GA kwa miezi 24. LePage hakuutaka. Ila alichelewa. Katiba inampa gavana siku 10 kurudisha muswada, bila kuhesabu Jumapili, naye alidai kwamba Bunge lilikuwa limeahirishwa na kwamba angeweza kusubiri. Mwezi Agosti 2015 majaji wa Mahakama ya Juu ya Maine wakasema hapana: miswada 65 aliyoishikilia, ule wa GA ukiwemo, ilikuwa imeshakuwa sheria.

Fikiria tena kilichotokea. Pesa ya kodi ya familia nyingi zilizotoka Kinshasa na Bujumbura ilitegemea gavana alikuwa nani, na alihesabu siku vipi.

Miaka minne baadaye, mwezi Juni 2019, mamia ya watu, wengi wao kutoka Kongo na Angola, walifika Portland ndani ya siku chache baada ya safari ndefu kupitia mpaka wa kusini. Jiji likawafungulia Expo, ukumbi wa mpira wa kikapu, wakalala humo majira yale ya joto. Mwezi uliofuata utawala wa Mills ulibadilisha kanuni za GA ili waombaji hifadhi wengi zaidi wahesabike.

Bima ya afya ni mfano mwingine. Novemba 2017 wananchi wa Maine walipiga kura ya kupanua Medicaid, bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo, na karibu asilimia 59 walisema ndiyo. LePage hakuitekeleza hadi anaondoka madarakani. Mills alisaini amri ya kuitekeleza Januari 3, 2019, siku moja baada ya kuapishwa. Kura ya wananchi ilikuwa imeshapigwa, ikakaa zaidi ya mwaka mzima ikimsubiri gavana.

Kwa nini Novemba mshindi hahitaji nusu

LePage huyo aliingia vipi? Mwaka 2010 alikuwa meya wa Waterville na mgombea wa Republican. Alipata takriban asilimia 38. Eliot Cutler, mgombea binafsi, alipata karibu 36. Tofauti yao haikufika kura 10,000. Libby Mitchell wa Democratic alipata 19. Cutler aliongoza saa nyingi za usiku ule wa kuhesabu, na kulipokucha LePage alikuwa mbele. Zaidi ya watu sita katika kila kumi walikuwa wamemchagua mtu mwingine, lakini sheria ni sheria, akaapishwa.

Waliokasirika walisema Cutler na Mitchell waligawana kura. Inawezekana. Ila ukitazama nyuma unaona 2010 haikuwa ajabu hata kidogo. Kuanzia 1974 mpaka 2014 Maine ilifanya chaguzi 11 za gavana, na mara mbili tu mshindi alivuka nusu: Joseph Brennan mwaka 1982 na Angus King mwaka 1998. King huyohuyo, aliyekuwa mgombea binafsi, alikuwa ameingia mara ya kwanza mwaka 1994 kwa asilimia 35. James Longley, binafsi pia, aliingia mwaka 1974 kwa 39. Jimbo hili linawapenda wagombea binafsi kuliko majimbo mengi, na wagombea binafsi wenye nguvu wakikutana na kanuni ya "anayeongoza ndiye mshindi", matokeo ndiyo hayo.

Kanuni yenyewe imeandikwa ndani ya Katiba, na iliandikwa kwa sababu nzito. Katiba ya kwanza ya Maine, ya 1820, ilimtaka gavana avuke nusu. Asipopatikana mtu, Bunge ndilo lililochagua. Mwaka 1878 hakuna aliyevuka, na Bunge likampa ugavana Alonzo Garcelon, aliyekuwa ameshika nafasi ya tatu kwa chini ya robo ya kura. Mwaka uliofuata nusu haikupatikana tena, na safari hii ukazuka ugomvi juu ya hesabu za kura zenyewe. Januari 1880 Augusta, mji mkuu wa jimbo, ilikuwa na makundi mawili, kila moja likidai ndilo Bunge halali, na watu wenye silaha wakazagaa mjini. Joshua Chamberlain, jenerali wa vita vya wenyewe kwa wenyewe na gavana wa zamani, ndiye aliyekabidhiwa ulinzi. Alisimama katikati bila kuegemea upande mpaka Mahakama ilipotoa uamuzi na Daniel Davis akaapishwa. Mwaka huohuo Katiba ikarekebishwa: atakayekuwa na kura nyingi kuliko wengine ndiye gavana, basi.

Sisi tuliotoka nchi ambako matokeo ya uchaguzi yamewahi kumwaga damu tunaelewa haraka kwa nini watu wa 1880 walitaka jibu linalopatikana siku ileile, bila kulipeleka Bungeni kufanyiwa biashara.

Turudi kwenye karne yetu. Baada ya 2010 na 2014 (LePage alirudi kwa asilimia 48, Cutler akiwa tena kwenye karatasi na kupata 8), wananchi walikusanya saini wakaupeleka mfumo wa kupanga wagombea kwenye kura ya maoni ya Novemba 2016. Ulipita kwa karibu asilimia 52. Mei 2017 majaji wa Mahakama ya Juu, wote kwa kauli moja, wakatoa maoni yao: kwa gavana, maseneta wa jimbo na wabunge wa jimbo katika uchaguzi mkuu, Katiba inasema mwenye kura nyingi ndiye mshindi, na mfumo unaoendelea na raundi za kuhesabu baada ya mtu kuwa tayari anaongoza unapingana na Katiba. Maneno hayo ya Katiba hayahusu mchujo wa vyama, wala viti vya Washington. Ndiyo maana kupanga kukabaki huko na kukatoka kwenye ugavana wa Novemba.

Nimewasikia watu wakilaumu majaji. Mimi naona walisoma kilichoandikwa. Tatizo liko kwenye njia ya kukibadilisha: Maine inawaruhusu wananchi kuanzisha sheria kwa saini, ila haiwaruhusu kuanzisha mabadiliko ya Katiba. Hayo lazima yapate theluthi mbili za kila nyumba ya Bunge kwanza, ndipo yaje kwa wananchi. Vyama viwili vikubwa vikiwa ndivyo vyenye karibu viti vyote Bungeni, theluthi mbili hazipatikani kirahisi kwa jambo linalowapa nguvu wagombea binafsi.

Juni 2018, raundi kwa raundi

Mchujo wa Juni 12, 2018 ndio mfano bora wa kuelewa kupanga, kwa sababu ndio ulikuwa mchujo wa kwanza wa jimbo zima nchini Marekani katika zama hizi kutumia mfumo huu. Bunge lilikuwa limepitisha sheria ya kuuahirisha. Wananchi wakakusanya saini tena kuipinga. Kwa hiyo siku hiyo mpiga kura aliutumia mfumo na papo hapo akaulizwa kama anataka uendelee. Asilimia 54 hivi walisema uendelee.

Upande wa Republican kazi ilikuwa fupi. Shawn Moody alivuka nusu kwenye chaguo la kwanza, hesabu ikaishia hapo. Upande wa Democratic walikuwa wagombea saba. Chaguo la kwanza lilipohesabiwa, Janet Mills aliongoza na karibu theluthi moja ya kura. Kwa kanuni ya Novemba angekuwa ameshinda usiku ule, na theluthi mbili ya wapiga kura wa chama chake wangebaki wakijiuliza. Kwa kanuni ya Juni kazi ilikuwa ndiyo kwanza imeanza.

Hesabu huenda hivi. Wa mwisho anatolewa. Karatasi za waliomweka wa kwanza hazitupwi; zinafunguliwa upya na kila moja inahamia kwa mtu aliyewekwa wa pili. Ikiwa huyo wa pili naye ameshatoka, inakwenda kwa wa tatu. Kisha hesabu inafanywa tena, na wa chini anatolewa tena, mpaka mmoja awe na zaidi ya nusu ya karatasi zilizobaki hai. Mwaka ule ilichukua raundi nne tu, kwa sababu waliokuwa chini kabisa walitolewa kwa mkupuo. Mwishoni walibaki Mills na Adam Cote, na Mills akashinda kwa asilimia 54 hivi. Matokeo yalitangazwa Juni 20, siku nane baada ya kura, kwa sababu kumbukumbu za kura za jimbo zima zilipaswa kusafirishwa hadi Augusta zikahesabiwe pamoja.

Jambo lililonifurahisha katika mchujo ule ni tabia ya wagombea. Mark Eves na Betsy Sweet walisimama pamoja wakawaomba wafuasi wao: kama unaniweka mimi wa kwanza, mweke mwenzangu wa pili. Katika mfumo wa kiduara kimoja wangekuwa maadui wa kugombania kura zilezile. Hapa kila mmoja alihitaji kupendwa kidogo na watu wa mwenzake.

Kuna neno moja hapo juu la kulishika: karatasi zilizobaki *hai*. Ukimpanga mtu mmoja tu, na mtu huyo akatolewa, karatasi yako imefika mwisho wa safari na haimo tena kwenye hesabu. Hujavunja sheria, na kura yako haikuharibika. Umemaliza maneno yako mapema tu. Ukimwandika mtu yuleyule kwenye nafasi zote, hupati nguvu zaidi. Anahesabiwa mara moja. Ukiwapa wagombea wawili namba moja, kompyuta haijui nani ni nani, na karatasi inasimama hapo. Ukiruka nafasi moja, inayofuata inachukuliwa. Ukiruka mbili mfululizo, karatasi inasimama.

Kumpanga mtu wa pili hakumdhuru wa kwanza wako, na hili narudia kila ninapoulizwa. Chaguo la pili haliguswi kabisa mpaka wa kwanza awe ameshatolewa.

Yule mama wa Uvira alipoiona karatasi ya mchujo, safu za majina zikishuka na nafasi zikienda kulia, aliweka kidole kwenye jina la mtu wake, akafuata mstari mpaka kiduara cha kwanza, akajaza. Kisha akahamia jina jingine na kwenda kwenye kiduara cha kwanza tena. Kosa hilo ndilo ninaloliona zaidi, na ni la kawaida kwa sababu macho yamezoea safu moja. Niliposema, "Mama, huyu sasa nenda safu ya pili," akacheka, akashika penseli upya. Ukikosea kwenye karatasi halisi, usifute wala usikwaruze: irudishe kwa msimamizi, atakupa nyingine.

Watu wengi wanadhani mchujo si wao kwa sababu hawana chama. Zamani ilikuwa kweli. Tangu 2024, mpiga kura wa Maine asiyejiandikisha na chama chochote anaweza kufika siku ya mchujo na kuomba karatasi ya chama kimoja anachotaka. Aliyejiandikisha na chama anapewa ya chama chake. Ninavyoona mimi, Juni ndiko kura ya mtu mmoja ina uzito mkubwa zaidi katika safari nzima ya kumpata gavana. Wanaojitokeza ni wachache kuliko Novemba, majina ni mengi, tofauti za wagombea ni za mambo yanayotugusa kama nyumba na GA, na unaruhusiwa kusema zaidi ya jina moja. Inaniuma kuona misikiti na makanisa yetu yakihamasishana Oktoba wakati nusu ya uamuzi ulishafanyika Juni.

Novemba fikra ni nyingine. Kukiwa na mgombea binafsi unayempenda, swali gumu la 2010 linarudi: ana nafasi ya kuongoza, au kura yako itampunguzia yule unayemtaka wa pili? Mwaka 2018 Alan Caron, mgombea binafsi, alijiondoa kabla ya siku ya kura akamuunga mkono Mills. Terry Hayes, binafsi pia, alibaki na kupata karibu asilimia 6. Mills alipata 51, akawa mwanamke wa kwanza kuwa gavana wa Maine. Mwaka 2022 alimshinda LePage, aliyejaribu kurudi, kwa 56 dhidi ya 42. Mtu akikwambia umpigie binafsi kwa moyo wako wote, msikilize. Akikwambia usipoteze kura, msikilize pia. Ila uamuzi uufanye ukijua kwamba Novemba hakuna chaguo la pili litakalokuokoa.

Usiku wa matokeo

Vituo vyote vinafungwa saa 2 usiku, simu yako ikionyesha 8:00. Kuanzia hapo watu wanafungua runinga na kusubiri serikali itangaze. Watasubiri sana. Ofisi ya Katibu wa Jimbo haitangazi hesabu za usiku. Kura za Maine zinahesabiwa na miji yenyewe, mamia ya miji na vijiji, kila kimoja na karani wake. Miji mikubwa inatumia mashine. Baadhi ya vijiji vidogo bado vinahesabu kwa mikono juu ya meza. Namba unazoziona usiku zimekusanywa na vyombo vya habari kwa kuuliza makarani, na anayesema "fulani ameshinda" ni shirika la habari lililopiga hesabu zake. Karatasi rasmi za kila mji zinakwenda Augusta, na Katibu wa Jimbo ana siku 20 za kuzijumlisha.

Kwa hiyo asilimia ya saa 3 usiku haina maana mpaka ujue ni miji gani imeshatoa. Portland na pwani ya kusini huwapa Democratic kura nyingi. Miji ya ndani na ya kaskazini, mpaka Aroostook kwenye mashamba ya viazi, huegemea Republican. Ukiona mgombea anaongoza kwa pointi 10 huku Portland haijaingia, au imeingia peke yake, uongozi huo ni wa muda. Njia ninayoiamini ni kuchukua mji mmoja unaoujua, tuseme Lewiston, na kulinganisha matokeo yake na yale ya 2022. Mgombea wa chama kilekile akipungukiwa pointi 4 hapo, na pointi 4 Auburn, na 3 Bangor, umeshaona mwelekeo kabla mtu wa runinga hajasema.

Juni subira inatakiwa iwe ndefu zaidi. Kama hakuna aliyevuka nusu usiku ule, mtu anayeongoza bado hajashinda, na raundi zitafanyika Augusta siku kadhaa baadaye. Anayeongoza anaweza kupitwa. Novemba 2018, kwenye kiti cha Washington cha wilaya ya pili, Bruce Poliquin aliongoza kwa kura zipatazo 2,000 kwenye chaguo la kwanza, na baada ya raundi Jared Golden ndiye aliyekwenda bungeni. Poliquin alikwenda mahakamani akashindwa. Ukisikia mtaani kwamba kura zimeibwa kwa sababu aliyekuwa mbele amekuwa nyuma, uliza kwanza kama raundi zilikuwa zimeshahesabiwa.

Kabla hujagusa karatasi

Hili linawahusu ndugu na jamaa ambao bado hawajapata uraia, nami naliandika kwa uzito wote nilionao. Kupiga kura ya gavana ni kwa raia wa Marekani tu. Mwenye green card, mwenye hifadhi, anayesubiri hifadhi: bado. Usijiandikishe, hata kama kijana mwenye fomu sokoni anakuambia ni sawa, hata kama kwenye ofisi ya leseni za udereva umewekewa fomu mbele. Soma kisanduku kinachouliza kama wewe ni raia, au mpigie mtu akusomee. Kudai uraia usio wako, hata kwa kutoelewa, kunaweza kukufungia njia ya uraia na hata kukufukuzisha nchini. Mtoto wako aliyezaliwa hapa akifika miaka 18, yeye apige, ninyi mumpeleke.

Kwa aliye raia, mlango ni mpana. Kujiandikisha kwa posta au mtandaoni kunafungwa siku 21 kabla ya uchaguzi, lakini ukienda mwenyewe unaweza kujiandikisha hadi siku yenyewe ya kura, ukiwa na kitambulisho na kitu kinachoonyesha unapoishi. Mwaka 2011 Bunge lilifuta haki hiyo ya siku ya kura, na Novemba ya mwaka huohuo wananchi wakairudisha kwa karibu asilimia 60. Aliyekwisha kuandikishwa haulizwi kitambulisho kituoni. Pendekezo la kukidai lilikataliwa na wapiga kura Novemba 2025. Usiyesoma Kiingereza vizuri unaweza kuingia na mtu unayemwamini akusaidie kusoma na kujaza, yeyote asiyekuwa mwajiri wako wala kiongozi wa chama chako cha wafanyakazi. Binti yako anafaa.

Anayefanya kazi zamu ya usiku kwenye kiwanda au nyumba ya wazee hahitaji sababu yoyote ya kuomba karatasi ipelekwe nyumbani. Unaiomba kwa karani wa mji wako, kwa mtandao, simu au ana kwa ana, mpaka Alhamisi kabla ya siku ya kura. Unaijaza, unaiweka kwenye bahasha yake, unasaini nje. Saini hiyo ndiyo inayosahaulika. Na karatasi lazima iwe imefika kwa karani kabla ya saa 2 usiku ya siku ya uchaguzi. Muhuri wa posta wa tarehe hiyo hausaidii chochote, kwa hiyo wiki ya mwisho ipeleke mkononi au itumbukize kwenye sanduku la karani nje ya ofisi. Mtandao wa jimbo unakuonyesha kama imepokelewa na kukubaliwa. Kama kuna kasoro, karani atakutafuta kwa namba ya simu uliyoandika kwenye ombi, na unaweza kurekebisha, mradi uipokee simu hiyo hata kama huijui namba.